Jina lililozaliwa vitani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako nimelipenda: iweje Umoja wa Mataifa, chombo cha kulinda amani, uwape wakubwa watano (Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa) kura ya turufu, hata waweze kuzuia jambo ambalo wengine wote wamelikubali? Ukitaka jibu, anza na jina.

Wengi hudhani Umoja wa Mataifa ni jina lililotungwa baada ya vita. La, lilitungwa vita vimepamba moto. Desemba 1941, majuma machache baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, Winston Churchill wa Uingereza alikuwa mgeni wa Rais Franklin Roosevelt mjini Washington. Walikuwa wakiandaa tamko la nchi zilizokuwa zikipigana na Ujerumani, Italia na Japani, na Roosevelt ndiye aliyependekeza jina hilo. Husimuliwa kwamba alimfuata Churchill chumbani kumpa wazo lake akamkuta anaoga. Mimi napenda kuamini ni kweli. Tamko lilianza kutiwa saini tarehe 1 Januari 1942. Nchi 26 ziliahidi kupigana bega kwa bega, pasiwe na hata moja itakayofanya suluhu na adui kivyake. Jina lilikuwa la wapiganaji, mwanangu, si la wapatanishi.

Kulikuwa na chombo cha amani kabla ya Umoja wa Mataifa, yaani Shirikisho la Mataifa, chenye makao Geneva. Marekani haikujiunga kabisa, ingawa rais wake Woodrow Wilson ndiye aliyekipigia debe kuliko wote. Mwaka 1936 Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia iliyovamiwa na Italia, alisimama mbele ya wajumbe akaeleza jinsi ndege za Italia zilivyowamwagia watu wake gesi ya sumu. Wakamsikiliza, kisha wakaiondolea Italia hata vile vikwazo hafifu walivyokuwa wameiwekea. Mimi hapo ndipo ninapohesabu kifo cha chombo hicho, ingawa kilivunjwa rasmi mwaka 1946.

Kwa hiyo safari hii wakubwa walitakiwa wawemo, na bei yao ilikuwa kura ya turufu. Watatu kati yao, Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti, waliafikiana kuhusu namna ya kuipiga huko Yalta, mji wa Krimea, Februari 1945. Hapo hapo wakaamua pia kwamba nchi itakayoalikwa San Francisco kuunda chombo kipya iwe imetangaza vita dhidi ya adui kabla ya Machi kuanza. Baadhi zikakimbilia kutangaza vita ili zipate kiti cha amani! Misri ililipia: Waziri Mkuu wake, Ahmad Maher, aliuawa kwa risasi ndani ya bunge siku aliyosoma tangazo hilo.

Roosevelt alifariki Aprili 12, siku 13 kabla ya mkutano kufunguliwa, na wajumbe wakalibakiza jina kwa heshima yake. Nchi 50 zilitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa tarehe 26 Juni. Poland ikafuata baadaye. Kutoka Afrika nzima zilikuwa nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini.

Soma ibara ya 53 na ya 107 za Mkataba huo. Maneno "nchi adui" bado yamo, ingawa Japani na Ujerumani ni wanachama siku nyingi, na mwaka 1995 Baraza Kuu lilikiri kwamba yamepitwa na wakati. Kuyafuta ni kuubadili Mkataba, na Mkataba haubadiliki mpaka theluthi mbili ya wanachama waridhie, wakiwemo wale watano wote.

Mama yako