Usisugue rili kuukuu kabla ya kujua bei yake

Mhariri,

Hapa Malindi nyumba nyingi zina rili za zamani, yaani magurudumu ya kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvulia nduwaro, zilizoachwa na wazee waliofanya kazi kwenye maboti ya wavuvi wa kitalii. Inasikitisha kuona mtu anataka kuuza rili kisha anaanza kwa kuisugua kwa dawa ya shaba mpaka ing'ae. Wakusanyaji wanalipia rangi ya kiwandani na shaba iliyofifia kwa umri, na msasa hufuta hata maandishi. Ipanguse chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, ianike kivulini, basi.

Kisha isome. Jina na namba ya modeli huwa ubavuni au chini ya mguu, pale inapokalia fimbo. Rili za Penn Senator za Philadelphia, Marekani, zilianza 1936, na namba za ukubwa wake ni kama 4/0, 6/0 au 9/0. Zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo uzee pekee hauzipi bei. Ukikuta rili ya Hardy ya Alnwick, Uingereza, au Fin-Nor ya mwanzo kutoka Miami, usimwachie mnunuzi siku hiyo hiyo hata akushikishe noti mkononi.

Tazama mguu kwa makini. Wengi waliupiga tupa ili uingie kwenye fimbo nyingine, na mguu uliopunguzwa haurudi. Mbavu za ebonaiti (mpira mgumu) hupasuka kuzunguka tundu za skrubu, kwa hiyo pitisha kucha hapo. Uzi wa nailoni uliokunjwa ukiwa umevutwa sana hubana bobini, yaani kibiringo cha uzi, na kusukuma kingo zake nje. Zungusha bobini kwa mkono ukiwa umelegeza breki, na ikikwaruza mahali pamoja kila mzunguko, shuku hilo. Kromu iliyofura malengelenge ina kutu ya kijani chini yake, na skrubu zenye vichwa vilivyoliwa zinaonyesha rili ilifunguliwa kwa bisibisi isiyolingana. Breki inayoshtuka-shtuka haitishi, kwani kwa kawaida ni washa (visahani vya breki) zilizokauka tu, na hubadilishwa. Ukizibadilisha, za zamani zihifadhi uziuze pamoja na rili. Sanduku, spana na karatasi zake navyo vina bei.

Bei itafute eBay, mtandao wa kuuzia vitu, kwenye orodha ya vilivyokwisha kuuzwa, maana anayetangaza huandika apendavyo. Tafuta tatu au nne za modeli hiyo, zenye hali kama ya yako, uchukue ya katikati. Toa ada ya mtandao na gharama ya posta, ambayo si ndogo: Senator 9/0 ina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu.

Wapo watakaosema rili yao ilishikwa na Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, kwa kuwa kweli alivua Malindi mwaka 1934. Pasipo picha au barua ya wakati huo, usilitaje hilo katika bei. Litamfanya mnunuzi makini ashuku na yale mengine uliyomwambia.

Mafundi wa rili,
Malindi