Barua kwa Kipa: jezi namba 25

Mombasa, Jumapili usiku

Kipa wangu,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu, na anasema tende zimefika lakini aliyekuwa akimngoja ni wewe, si tende.

Jana nilikwenda Kongowea kutafuta mapazia, wifi yako kanituma. Yule wa mtumba alikuwa ndiyo kwanza anakata kamba za belo. Nguo zikamwagika, na chini kabisa nikaona mkono mweupe umetokeza kwenye bega jekundu. Nikavuta. Jezi ya Arsenal, ile ya Dreamcast, ukosi umelegea, kuna doa dogo la kutu karibu na pindo. Nikaigeuza: KANU, 25, Nwankwo Kanu mwenyewe. Yakhe, nililipa bila kuteta bei, mimi huyu unayenijua. Mapazia sikununua. Yaliyonipata nyumbani nitakuhadithia siku nyingine.

Unaikumbuka ile yangu ya kwanza, fulana nyekundu niliyoiandika kwa brashi na rangi ya mafuta? Enzi za Moi, na mimi bila kufikiri nikajichora KANU, jina la chama tawala, mgongoni. Makanga wa matatu akininyooshea kidole kimoja juu, salamu ya chama, na kuwika kama jogoo wao. Mzee mmoja msikitini akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole nimepewa shilingi ngapi. Nikamwambia, mzee, huyu ni mchezaji, Mnigeria. Akatikisa kichwa: "Kumbe wamefika mpaka Nigeria."

Haya, sasa nije kwenye kesi yetu. Tangu tarehe 23 Oktoba 1999 unashikilia kwamba bao la tatu la Arsenal pale Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea yako, ni ujinga wa kipa wenu Ed de Goey, si ufundi wa Kanu. Nimeliangalia tena usiku wa kuamkia leo, kwenye simu, mara sita au saba, jezi nimeitandika magotini. Mvua imenyesha, uwanja umelowa chepechepe, Chelsea wako mbele kwa mabao ya Flo na Petrescu, na wewe, kama nakumbuka vizuri, ushaanza kuimba. Dakika ya 75, Kanu, moja. Dakika ya 83, Kanu, mbili. Ulinyamaza, ukasema sare si mbaya.

Halafu ile ya mwisho. Beki anataka kuondosha mpira, Kanu anaweka mguu, mpira unamrudia kule kushoto. De Goey anatoka golini mbio mpaka pembeni kabisa. Hapo nakupa haki yako: kipa hana kazi kule. Kanu akamtikisia bega, akampita. Lakini tazama alipompita alikuwa wapi. Yuko karibu na mstari wa mwisho, goli analiona kwa ubavu tu, na ndani wamesimama Desailly na Leboeuf wanangoja krosi. Kila mtu alingoja krosi, hata wenzake. Yeye akaukunja juu ya vichwa vyao, ukaingia pembe ya juu. Kosa la de Goey lilimpa njia ya kupita, basi. Lile goli hakupewa na mtu.

Na miguu ile! Viatu kama ngalawa mbili, mtu karibu mita mbili, halafu mpira ukimfika unatulia kama paka aliyezoea nyumba.

Lililoniweka macho ni hesabu ya miaka. Hebu rudi nyuma miaka michache tu. Mei 1995, ana miaka 18, yumo Ajax, anaingia kipindi cha pili fainali ya Klabu Bingwa Ulaya kule Vienna na wanaifunga Milan 1–0. Julai 1996, Olimpiki ya Marekani, yeye ndiye kapteni wa Nigeria. Nusu fainali na Brazil, ile ya Ronaldo, Bebeto na Roberto Carlos, wako nyuma 3–1. Ikpeba anarudisha moja. Muda unakwisha, Kanu kalipa goli mgongo, anaudokoa mpira juu, anageuka, tatu kwa tatu. Nyongeza hata haijakolea, bao la dhahabu, lile la kumaliza mechi papo hapo, yeye tena. Siku tatu baadaye wakamfunga Argentina, wakarudi na medali.

Akaenda Inter ya Italia akiwa na miaka 20. Klabu ikampima, kama wanavyopimwa wachezaji wote wanaposajiliwa, na madaktari wakakuta vali ya moyo wake ina kasoro, ile ya mlango wa mshipa mkuu unaotoa damu kuipeleka mwilini. Wakamwambia mpira basi. Fikiria, kijana wa Owerri, wiki chache tu tangu ashike dhahabu. Angesajiliwa na timu isiyopima kwa makini, asingejua, angeendelea kukimbia. Inter hawakumtupa. Novemba akapasuliwa Cleveland, Marekani, na Aprili 1997 akarudi uwanjani. Kule Italia hakupangwa sana. Mwanzoni mwa 1999 Wenger, kocha wa Arsenal, akamchukua, akamleta London.

Na mechi yake ya kwanza akaanza kwa aibu, unakumbuka? Kombe la FA na Sheffield United. Kipa wao kautoa mpira nje ili mwenzao atibiwe, Ray Parlour wa Arsenal anaurusha kuwarudishia kiungwana, Kanu hana habari, anaukimbilia, anampa mwenzake Overmars, bao. Wenger mwenyewe akasema mechi irudiwe. Ikarudiwa, na Arsenal wakashinda vilevile 2–1. Wewe ulimwita mwizi mwezi mzima.

Baadaye ukamwita mvivu. "Anatembea kama mtu anayengoja feri Likoni," ndivyo ulivyosema, na mimi nilicheka, kweli inafanana. Niliacha kucheka Juni 2003, usiku ule Kameruni wanacheza na Kolombia pale Lyon. Marc-Vivien Foé wa Kameruni kasimama peke yake katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa, akaanguka. Miaka 28. Tulitoka kibandani bila kusema kitu, tukatembea mpaka kwenu, ukaingia ndani hata kuniaga hukuniaga. Huyo ni mtu ambaye moyo wake ulikuwa mgonjwa na akaendelea kucheza mpaka ukasimama. Kanu wakati huo bado yuko Arsenal, na msimu uliofuata wakatwaa ligi bila kufungwa mechi hata moja, yeye akitokea benchi zaidi. Mwendo wake wa feri haukubadilika. Sijui kama ni moyo ulimfundisha au aliumbwa hivyo. Mimi tangu usiku ule sikumwita tena mvivu, na wewe pia, nimechunguza.

Usidhani namfanya malaika. Akiwa West Brom alikosa goli na Middlesbrough kutoka hatua moja, wavu mtupu, akaupaisha juu ya mwamba. Hilo hata mama angefunga. Lakini 2008, mzee mzima, kipa wa Cardiff kautema mpira pale Wembley, Kanu yuko palepale alipotakiwa kuwa, Portsmouth 1–0, Kombe la FA. Makipa na yeye, mna deni lenu.

Na lile shirika lake, Kanu Heart Foundation, alilianzisha mwaka 2000, bado yuko kileleni. Mamia ya watoto wenye mioyo mibovu wamepasuliwa kwa njia hiyo, wengi wakipelekwa nje, hadi India. Magoli yale tulibishania sisi. Haya hatukuwahi kuyataja hata siku moja pale kibandani.

Jezi nakupa wewe. Ndiyo, wewe wa Chelsea. Kaka yangu anakuja Muscat mwezi ujao, nitampa aiweke kwenye begi la mkononi, si la chini. Ukiona haya kuivaa, ivae ndani ya kanzu. Usiitie kwenye mashine ya kufulia. Ile U ya mwisho imeanza kubanduka, nimeipiga pasi juu ya karatasi ikashika, lakini siiamini.

Wako,
Namba Tisa