Mtoto mchanga mgonjwa asitenganishwe na mama yake

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja ya huku Nyanda za Juu Kusini. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Julai mwaka jana, na msimu wa baridi ndio huo unarudi.

Usiku mmoja, kama saa nne hivi, gari la wagonjwa lilituletea mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, wa kilo 1.6 kutoka kituo cha afya. Alipakatwa na bibi yake, kanga tatu na blanketi juu. Kwa kumtazama ungesema amehifadhiwa vizuri. Nilipomfungua, nyayo zilikuwa baridi kama maji ya mtungi, na kipimajoto kilisoma 33.9. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5. Njiti hana joto la kujitosheleza, hivyo ukimviringishia nguo akiwa ameshapoa, anabaki na baridi yake humo humo. Sukari inashuka, pumzi zinaanza kukatika. Nikauliza mama yuko wapi. Bibi akanijibu, "Tumemwacha apumzike, sista, ametoka leba leo." Kumbe alijifungua kawaida, na ndani ya gari nafasi ya kukaa ilikuwepo. Alikuja kwa basi siku ya pili mchana, kanga ya kifuani imelowa maziwa. Mtoto tulikuwa tumeshamfunika alfajiri.

Siwezi kuapa kwamba angepona. Ila safari ile ya saa mbili angeifanya akiwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na isingegharimu hata shilingi moja.

Wanaojaza wodi yetu wanajulikana: njiti, waliozaliwa wamechoka kwa kukosa hewa, wenye maambukizi kwenye damu na wenye manjano, yaani ngozi na macho kuwa ya njano. Wengi wao wanatibika, na tunawaruhusu wakiwa wananyonya. Lakini hebu tazama takwimu za nchi yetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Utafiti wa 2015/16 ulionyesha 25. Katika kipindi hicho hicho vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43. Walioshavuka mwezi wa kwanza tumewapigania. Hawa wadogo kabisa wamebaki karibu palepale.

Ndiyo maana inaniuma kuona tiba ya kangaruu, yaani kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, iliyothibitishwa, na iliyothibitishwa hapa hapa kwetu, haitumiki ipasavyo. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Kundi moja waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hali zao hazijatulia, na mama zao wakalazwa nao ndani ya chumba cha uangalizi maalumu. Kundi la pili walisubiri kwanza watulie. Kwa waliosubiri, walifariki karibu 16 katika kila 100. Kwa waliowekwa kifuani, 12. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaruu ianze mara moja.

Najua wenzangu watasema akina mama wataleta vijidudu. Hofu hiyo nilikuwa nayo hata mimi. Lakini katika utafiti huo huo, waliokuwa kifuani ndio walioshukiwa kidogo zaidi kuwa na maambukizi. Mama anawe mikono kwa sabuni, avue pete na bangili, aingie.

Na si njiti peke yao wanaomhitaji. Usiku tuko wauguzi wawili kwa watoto 30, wengine wa kulishwa kwa mrija kila baada ya saa tatu. Mtoto aliyezaliwa amechoka akipata degedege, mara nyingi hatikisiki mwili mzima kama watu wanavyodhani. Anatafuna midomo kana kwamba ananyonya, au anachezesha miguu kama anaendesha baiskeli, kisha ananyamaza. Mama aliyeketi pembeni ndiye anayeniita: "Sista, huyu mbona anafanya hivi?" Mwenye manjano naye anahitaji kunyonya mara kwa mara, kwa sababu manjano hutoka na choo, na taa za buluu tunazotibia manjano peke yake zinachelewa. Lakini mama analala jengo la pili. Anavuka uwanja usiku wa manane ameshika mishono ya upasuaji, amebeba kikombe cha maziwa aliyokamua, mwanawe anamwona kwa dakika kumi, halafu tunamwambia arudi.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya na mikoa ni hili. Gari la rufaa lisiondoke na mtoto mchanga likamwacha mama anayeweza kukaa. Kama amefanyiwa upasuaji, baba, bibi au mama mdogo avue nguo ya juu, amweke mtoto kifuani, amvalishe kofia na soksi, blanketi lije juu yao wote wawili. Baba anaweza, nimeshawaona wengi. Na wodi mpya za watoto wachanga zinazojengwa mikoani ziwe na kitanda cha mama pembeni ya kitanda cha mtoto tangu kwenye mchoro.

Sisi kwa sasa tuna viti vinne vya plastiki tulivyoviomba ofisini, na akina mama wanapokezana kuvikalia. Tunahitaji vitanda 12.

Muuguzi,
Nyanda za Juu Kusini