Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi: Waliocheka Nao Wamo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Bila shaka umekwisha kusomewa risala nyingi za kuomba madawati na vitabu. Nasi tuna maombi, ila yatakuja baadaye, na hayahitaji fedha.

Tulipoambiwa risala ya mwaka huu izungumzie uonevu miongoni mwa watoto, na ni nani wa kuwajibika, kamati yetu ilianza kwa kunyosha vidole. Mmoja alisema kosa ni la wazazi wanaolea wababe. Mwingine akasema ni la walimu wasioona kitu. Wa tatu akataja simu. Tulikuwa tayari kuandika hivyo hivyo, mpaka mwenzetu aliyekuwa kimya muda wote alipouliza, "Na ile kalamu, nani alicheka?"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, habari ya kalamu ni hii. Darasani tunaye mwenzetu mwenye kigugumizi. Alipoitwa kusoma kwa sauti na neno likamkwama, mvulana mmoja wa nyuma aligonga dawati kwa kalamu, tak, tak, tak, kufuatisha mkwamo ule. Mgongaji alikuwa mmoja, waliocheka tulikuwa darasa zima. Baadaye kalamu ikatoka nje ya darasa: mtu akipishana naye koridoni anagonga ukuta mara tatu na kuendelea na safari yake, hakuna hata neno lililosemwa. Siku za kusoma, mwenzetu akaanza kuomba ruhusa ya kwenda chooni kila zamu yake ilipokaribia. Akaadhibiwa kwa uvivu.

Tulimwonyesha rasimu ya risala hii kabla ya kuileta kwako. Tulikuwa tumeandika kwamba alikuwa akilia. Alikata neno hilo kwa wino na kuandika juu yake: "Nilikuwa nahesabu aya, nijue ni watu wangapi bado kabla yangu." Tulimwomba pia aisome mwenyewe leo. Alikataa, akasema mngemwonea huruma nyote, na huruma nayo inachosha.

Sisi tulikuwa tunauita utani. Lakini utani una zamu, leo wewe, kesho mimi, na wote tunabaki tunacheka. Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyeanza kulichunguza jambo hili kule Skandinavia miaka ya 1970, alitaja mambo matatu yanayoutambulisha uonevu: unakusudiwa, unarudiwarudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa na wanaomtenda. Tuliipima ile kalamu kwa vipimo hivyo. Hakuna hata kimoja kilichotuokoa.

Tukaendelea kusoma, na hapo ndipo tulipokutana na sisi wenyewe. Watafiti wa Canada waliorekodi watoto viwanjani mwa shule walichapisha mwaka 2001 kwamba katika karibu matukio tisa kati ya kumi ya uonevu, watoto wengine walikuwepo wakitazama. Walioingilia kati walifanya hivyo takriban mara mbili tu kati ya kumi. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde 10, Mheshimiwa! Sisi tulikuwa na muhula mzima.

Kwa hiyo fungu letu tunalibeba. Mgongaji asiye na wa kumchekea huchoka mapema, na sisi hatukumwacha achoke.

Hata hivyo, hatukubali kubebeshwa mzigo wote. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 19, unazitaka nchi zimlinde mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili anapokuwa mikononi mwa wazazi, walezi na wengine wanaomtunza. Hao ni watu wazima. Mtoto anayeonewa na kwenda kusema huambiwa nyumbani, "Nawe mrudishie," na shuleni huambiwa, "Acha uchongezi." Baada ya majibu hayo mawili, kimya chake msikishangae. Yule mgongaji naye, jirani yake amewahi kumsikia akiitwa zuzu mbele ya wageni nyumbani kwao. Hatulisemi hili kumsafisha, maana wapo wanaoitwa hivyo na hawamgongei mtu kalamu. Tunalisema kwa sababu mzazi huyo akiitwa shuleni atauliza mwanawe kayajifunza wapi mambo haya.

Kuhusu simu, hatutasema mengi. Hazikuanzisha uonevu. Zilichofanya ni kuuondolea kengele ya kurudi nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa maombi. Mwalimu wa zamu huonekana zaidi mstarini na ofisini, nasi tunaumizana koridoni, nyuma ya madarasa na njia ya vyooni. Tunaomba zamu zipangwe huko. Tunaomba pia awepo mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye mtoto anaweza kumweleza jambo na lisirudi darasani kabla yake. Na mwonevu akipatikana, asisimamishwe mbele ya shule nzima achekwe. Tumeshaona hilo likifanyika, na wengi wetu tulilifurahia, jambo ambalo lilipaswa kututisha. Aitwe pembeni, na mzazi wake awepo. Nasi tuliocheka tuitwe, mmoja mmoja, kila mtu aseme alikuwa ameketi wapi na alifanya nini.

Kwako wewe binafsi tuna ombi moja. Leo umetuona tukiwa tumefua sare na kujipanga vizuri. Tunaomba urudi muhula ujao bila kutangazwa, siku ya kusoma kwa sauti, uketi dawati la nyuma kabisa, usikilize.

Tunaomba kuwasilisha.