Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: majina ya walioiunga Liemba

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mtoto wa Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika. MV Liemba naijua kwa mlango wake wa ubavuni, maana kwetu meli ilitia nanga mbali. Honi ikilia usiku, mitumbwi ilitoka mwaloni mbio kuuwahi mlango ule. Magunia ya dagaa yanapandishwa, mama anashikwa mkono anavutwa ndani, mtoto anarushwa nyuma yake, na chini kandambili moja inaelea haina mwenyewe.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha kama 5,000. Iliungwa upya Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikitumia mvuke. Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, adui asiichukue. Ila mafundi wao, sijui niwasifu au niwacheke, waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Bila grisi ile tungekuwa tunasimuliana habari za chuma kilichooza ziwani.

Mafundi hao, ndio watatu walioiunga meli pale Kigoma, twawajua kwa majina: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waafrika na Wahindi waliofanya nao kazi, wakigonga juani ribiti, ile misumari minene ya kuunganisha mabati, wanatajwa kwa mkupuo tu, "vibarua". Babu wa mtu fulani wa Ujiji alishika nyundo ile, Mheshimiwa, na wajukuu wake huenda wanajua.

Naomba utume watu wenye daftari na kinasa sauti, waanzie Ujiji na Kigoma, washuke hadi Kasanga. Wawatafute pia waliohudumia mtambo wa mvuke kabla haujaondolewa na kuwekwa wa dizeli miaka ya 1970. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70 au ameshaivuka, na wazee hawangoji bajeti ya mwaka ujao.

Jingine ni dogo. Meli inapokarabatiwa, bati lenye ribiti za zamani likitolewa lisiende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Libaki Kigoma, karibu na gati, na majina yatakayopatikana yaandikwe juu yake kwa Kiswahili.

Ndimi,
Abiria wa mlango wa ubavuni