Barua kwa mwanangu: kambare na miezi ya kura

Kisauni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, nimepata swali lako: je, ununue mifuko kumi ya chakula cha kambare uiweke kabla ya kura ya Agosti 2027? La, mwanangu. Unyevu wa pwani hauvumilii. Peleti, vile vidonge vya chakula cha samaki, zikikaa zaidi ya miezi mitatu huota kuvu, na sumukuvu hula ini la samaki polepole huku akionekana mzima. Kuchemsha hakuitoi. Ukizikuta zimegandana au zanuka uvundo, mwaga.

Nunua mifuko mitatu ya kilo 20 mwishoni mwa Julai, uipange juu ya mbao, mbali na ukuta. Hesabu yake ni hii: samaki 300 wa gramu 200 ni kilo 60. Siku za amani huwapa asilimia 3 ya uzito huo, yaani kilo 1.8 kwa siku. Malori ya kuleta chakula kutoka bara yakisimama, shuka hadi asilimia 1, gramu 600, na mfuko mmoja utafika mwezi. Hawatanenepa, lakini wataishi. Wala usihesabu siku ya kura pekee. Mwaka 2017 kura ilipigwa 8 Agosti, matokeo ya urais yakafutwa 1 Septemba, ikarudiwa 26 Oktoba: siku 79.

Kabla hujapunguza chakula, wachambue. Kambare mwenye njaa humla mwenziwe, akaanza na mdogo. Usiwalishe siku moja, kisha asubuhi na mapema uwatenganishe kwa mikono iliyolowa, wakubwa tangi lao, wadogo lao. Waliofika gramu 400 uza mapema. Ndooni, kwenye maji kidogo, hufika kwa mteja wakiwa hai bila barafu.

Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa karibu na matamvua, ndiyo maana stima ikipotea na pampu ya hewa ikasimama, hafi. Hilo lisikudanganye: amonia, sumu ya kinyesi na mabaki ya chakula, itamuua vilevile. Kupanda juu, kuvuta hewa na kuzama chapuchapu ni kawaida yake. Hatari ni akisimama wima, ndevu zimelegea, chakula kinapita asikigeukie. Hapo usilishe, toa thuluthi ya maji kutoka chini, jaza mengine. Ya mfereji yaache wazi pipani siku mbili, klorini itoke. Na mfereji ukikauka, punguza chakula siku hiyo hiyo, usingoje maji yanuke.

Omena, wale dagaa wa ziwani, usiitegemee, yaja kwa barabara ile ile. Chukua vichwa na matumbo ya samaki kwa wachuuzi, chemsha nusu saa, ponda. Sehemu tano za hizo, tatu pumba za mahindi, moja chicha ya nazi, moja unga wa muhogo uliosongwa kama uji mzito ili vishikane. Chicha ianikwe siku iliyokunwa. Ikilala mbichi huchacha na mafuta yake huharibika. Finyanga madonge madogo. Yaliyosalia baada ya dakika 15 yaopoe, maana donge hili hulowana na kuchafua maji kuliko peleti.

Wavu wa juu ufunge pande zote. Usiku wa mvua kambare huruka nje.

Pima samaki 20 kutoka kila tangi Jumamosi, uniletee uzito, tufanye hesabu upya.

Mamako