Tutengewe Kona ya Upepo, Maji na Samaki

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nitoe ombi moja, nalo ni kwamba kila Ijumaa mtenge sehemu ndogo, hata ikiwa ya ukubwa wa kiganja, ya kuwaarifu wasomaji hali ya upepo, maji na samaki wa visiwa vyetu vya Unguja na Pemba kwa juma linalofuata. Fikra hii nimeiokota mbali, tena kwenye baridi.

Mwezi wa Septemba mwaka jana binti yangu anayeishi Marekani alinichukua kutembea kaskazini ya jimbo la Minnesota, karibu na mji wa Ely, ambako maziwa yamesogeleana hata mtu hutoka ziwa moja akaingia jingine kwa kubeba mtumbwi mabegani. Tulifikia nyumba ya wageni ya mbao iliyo ukingoni mwa ziwa. Nilivaa makoti mawili mchana, na sioni haya kusema kwamba usiku nililala nayo. Lakini kilichonishughulisha kuliko baridi ni ubao mweusi uliotundikwa kando ya mlango wa chumba cha kulia. Kila alfajiri mwenye nyumba, mzee wa umri wangu, aliufuta kwa kiganja na kuandika kwa chaki mambo manne: upepo unatoka wapi, maji yana joto kiasi gani, samaki wamekula chambo kwenye kina gani, na majani ya miti yamefika wapi.

Hilo la majani nilidhani ni mzaha wa kuwafurahisha wageni, mpaka aliponieleza kwamba kwake majani ni saa. Miti yenye maganda meupe kama karatasi ilikuwa imegeuka manjano, na mimepo, ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa sharubati nzito, ilikuwa imewaka nyekundu kama makaa. Siku zinapofupika rangi ya kijani hutoweka kwenye jani, na manjano iliyokuwamo muda wote ikaonekana. Ama wekundu hutengenezwa wakati huo huo, na hukolea zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kugandisha. Nilimwambia kwamba kwetu mkungu nao hupukutisha majani mekundu, lakini mwembe, mdalasini na mkarafuu huwa na wekundu kwenye majani machanga, yaani kwao jani hufa jekundu na kwetu huzaliwa jekundu. Alicheka sana, kisha akaliandika hilo pembeni mwa ubao.

Habari ya joto la maji nayo ina maana yake. Katika miezi ya joto ziwa hukaa kwa matabaka, maji ya vuguvugu juu na ya baridi chini, bila ya kuchanganyika. Usiku wa vuli ya huko unapoyapoza maji ya juu, huwa mazito yakazama, na upepo ukisaidia ziwa zima hupinduka, hewa ikafika chini na samaki wakatawanyika. Mvuvi asiyejua siku hizo atashinda na mshipi mahali palipokuwa na samaki juma lililopita na arudi na kikapu kitupu. Ubao ulikumbusha pia kwamba samaki aitwaye trauti wa ziwani angefungwa kuvuliwa baada ya tarehe 30 Septemba, kwa sababu hutaga mayai majira hayo.

Sasa, Mhariri, sisi tumekosa nini? Wazee wetu walihesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, thelathini na sita na siku tano za ziada, kuanzia Siku ya Mwaka, na kwa hesabu hiyo walijua lini washushe vyombo na lini wapande. Leo kijana wa skuli ukimuuliza tofauti ya upepo wa Kusi na upepo wa Matlai atakutazama kama umemuuliza habari za mwezini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi, na ni kazi nzuri, lakini haumwambii mama wa Kisiwa Panza kama bamvua la juma hili, maji yanapokupwa sana, litamkuta mwamba umefungwa ili pweza wakue au umefunguliwa, wala haumwambii mwenye taa za dagaa kwamba wenzake wa Mkoani wamelala siku tatu kwa sababu ya mbaamwezi.

Nilirejea Wete mwanzoni mwa Oktoba, karafuu zikiwa majamvini. Siku ya tatu mvua ya vuli ilishuka mchana bila ya hodi, na jirani yangu alikuwa dukani. Tuliokoa majamvi mawili. La tatu lilirowa, na karafuu iliyorowa ikavunda hushuka daraja na bei. Sisemi kwamba gazeti lingeizuia mvua. Nasema kwamba angesoma Ijumaa kuwa upepo unageuka, asingetandika majamvi matatu na kumwachia mtoto wa miaka saba.

Wapo watakaosema kwamba kuandika samaki walipo ni kuwafukuzia wavuvi wote sehemu moja. Yule mzee wa ubao hakutaja jiwe, yaani mahali penyewe pa kuvulia, hata siku moja. Alitaja aina ya samaki na kina cha maji tu, na kila mtu akabaki na siri yake, kama vile mvuvi wa kisiwa cha Kojani anayekwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao, asivyokuonesha mwamba wake. Saa za maji kujaa na kupwa pia watu watasema wanazijua kwa kuhesabu tarehe za mwezi, na ni kweli kwa wazee. Wengine tunawaona wakikwama na ngalawa mchangani.

Kazi yenyewe si kubwa. Mwandishi wenu mmoja awapigie simu mabwana diko, yaani wasimamizi wa madiko wanakoshushwa samaki, wa Nungwi, Kizimkazi, Mkoani na Wete kila Jumatano, aulize kilichoshushwa, upepo ulivyo na mwamba upi umefungwa. Wa Wete mkimkosa kwenye simu, mimi nimestaafu na hushuka dikoni kila siku baada ya sala ya alfajiri kutafuta kitoweo, nitakuandikieni mwenyewe.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.